Mbwa ni Mkali, Pisi ni Kali

Geti lenye mbwa hapa Dar es Salaam, kama aliyeliandika alimsikiliza mwalimu wake wa Kiswahili, husomeka hivi: "Mbwa mkali." Kule Nairobi mageti mengi huandika "mbwa kali", lakini ugomvi huo tuuache kwa leo. Ni "mkali" kwa sababu mbwa ana uhai, na Kiswahili sanifu kikishakubali kwamba kiumbe kina uhai hukipa upatanisho wa M-WA hata kama jina lenyewe limekaa ngeli nyingine. Kiboko amelala, hatusemi kimelala. Simba ni mkubwa. Kipofu ameketi. Ukisema "kipofu kimeketi" umemtukana mtu, na kila anayekusikia anajua umemtukana, hata kama maishani mwake hajawahi kusikia neno ngeli.

Sasa kaa kijiweni jioni, dada mmoja apite. "Pisi kali hiyo!" Sijawahi kusikia mtu akisema pisi mkali. Pisi imetulia. Pisi zimejaa leo. Najua wapo watakaonikumbusha kwamba hata rafiki ni "rafiki yangu" na mama ni "mama yangu"; sawa, vimilikishi vina mambo yao. Lakini mama akikasirika ni mkali, hawi kali. Mbwa wa getini kapewa uhai wake kisarufi. Dada aliyepita hakupewa.

Nimeanza na sarufi makusudi. Kila tunapojadili jinsi wanawake wanavyotumiwa kwenye matangazo ya biashara, mjadala unaanzia kwenye gauni (fupi kiasi gani, limebana wapi) na unaishia kwenye gauni. Tukimaliza tunasema "udhalilishaji", tunakunja viti. Semina zikifika hatua ya maazimio husikika ile kauli ya kwamba mwanamke asifanywe "chombo cha starehe", na hakuna anayeshtuka kwamba kijiweni "chombo" ni sifa: chombo kimepita, umekiona? Mimi nadhani sisi tunaopenda kusoma tuna kazi ya kufanya hapa ambayo watu wa maadili hawawezi kutufanyia. Tangazo ni matini. Lisomwe kama tunavyosoma shairi: nani anasema, nani anasemwa, nani kapewa kitenzi na nani kaachiwa kivumishi.

Chukua hicho kivumishi "kali". Ofa kali. Bando kali. Simu kali. Pisi kali. Au chukua "mzigo". Mwenye duka la nguo kule Kariakoo anaandika kwenye ukurasa wake "mzigo mpya umeingia", na chini ya picha ya modeli aliyevaa hiyo nguo, aliyepigwa kwa nyuma bila shaka, watu wanaandika kuhusu "mzigo" wakiwa na maana nyingine kabisa, na mwenye duka anacheka nao kwa sababu alijua watacheka. Fumbo la namna hiyo ni utamu wa lugha yetu, sikatai. Lakini angalia fumbo linafanya kazi gani: linaruhusu bidhaa na mwili vishike neno moja, kisha bei iliyo chini ya picha isijulikane vizuri ni ya nini.

Judith Williamson alilieleza jambo hili mwaka 1978 katika Decoding Advertisements, kitabu ambacho ningetamani kila mwandishi wa habari akisome kabla hajapewa kadi ya kazi. Anaichambua picha ya Catherine Deneuve pembeni ya chupa ya Chanel No. 5. Picha haina harufu. Manukato haya na yale, kwenye karatasi, ni chupa mbili tu. Basi unahitaji sura ambayo watu tayari wanaijua ina maana gani, uiweke kando ya chupa, na maana ihame yenyewe, wala tangazo halisemi lolote. Msomaji ndiye anayeibeba kutoka kwenye shavu la mwanamke hadi kwenye kioo cha chupa, halafu anadhani ameikuta hapo. Kwangu mimi kinachofuata ni hiki: njia hiyo haiendi upande mmoja tu. Chupa ikishaazima uzuri wa mwanamke, mwanamke naye anaanza kunukia bidhaa. Gari linakuwa "mrembo", mrembo anakuwa "chombo". Na Deneuve angalau alikuwa na jina. Modeli wa bango la bia barabarani hana.

Kuna pingamizi moja ambalo huwa naletewa na marafiki zangu wa kiume, na ni zuri, halistahili kupuuzwa. Mbona wanaume nao mnawaita vitu? Mchezaji mpya akisajiliwa, magazeti ya michezo yanaandika "kifaa kipya chatua". Mfanyakazi hodari ni "jembe". Mshambuliaji ni "mashine". Hapo KI-VI, hapo JI-MA, hapo N, na hakuna mwanaume aliyekwenda kulalamika.

Kweli. Lakini hebu tuviangalie vitu vyenyewe. Jembe linalima. Mashine inafunga mabao. Kifaa kinafanya kazi iliyokuwa imekwama kabla hakijaja. Mwanaume akigeuzwa kitu, anageuzwa zana, na zana ina kitenzi chake. Mwanamke anageuzwa mzigo, ambao hubebwa. Anageuzwa chombo, ambacho hupandwa. Anageuzwa pisi, yaani kipande, na kipande hukatwa au huliwa. Yeye mwenyewe hafanyi kitu. Mwanafunzi yeyote aliyesoma Kiswahili chuo kikuu anakumbuka somo la kauli ya kutendwa na ule mfano usiokosekana: mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Darasani kwetu tuliucheka. Tangazo la biashara limeujenga mfano huohuo kwa taa na kamera.

Pingamizi la pili linatoka kwa watu wa ushairi. Wanasema malenga wetu tangu zamani wameusifu mwili wa mwanamke kuanzia nywele, macho, shingo, mpaka kidole cha mguu, kipande kwa kipande. Je, nao tuwashtaki? Hapana. Ukizisoma sifa hizo utaona vipande vinajumlishwa. Msifiwa anaitwa, anaombwa, anaogopwa, pengine anakataa na mshairi analia beti kumi. Uwezo wake wa kukataa ndio unaoliendesha shairi. Bango la bia halina mwanamke anayeweza kukataa. Likiwa naye, bia haitanunuliwa.

Jambo ambalo halikuwahi kuingia kwenye mijadala yetu ya gauni alilionyesha Erving Goffman, mwanasosholojia mzaliwa wa Kanada, katika Gender Advertisements ya mwaka 1979. Kitabu chenyewe ni cha ajabu: mamia ya picha za matangazo zimepangwa kwa makundi, maneno machache pembeni. Ukikifungua ukitarajia uchi, hukuoni sana. Goffman anaangalia vidole. Mwanaume kwenye tangazo anashika kitu: anakikamata, anakizungusha, anakitumia. Mwanamke anakigusa kwa ncha za vidole, anakipapasa ukingoni kana kwamba kikishikwa kitaungua. Goti lake moja limekunjwa, hivyo hawezi kukimbia hata akitaka. Kichwa kimeinama upande. Macho yamekwenda mbali, hayupo pale, wakati mwanaume aliye naye yuko macho kwa ajili ya wote wawili. Na yeye ndiye atakayelazwa sakafuni au kitandani, hata kama kinachouzwa ni zulia. Kisha Goffman anampa msomaji jaribio: wabadilishe jinsia kichwani mwako, mwanaume akae pozi la mwanamke, uone kama picha inabaki ya kawaida au inakuwa kichekesho.

Nililifanya jaribio hilo kwa wiki moja nikiwa kwenye daladala, kutoka Mbezi hadi Posta, kwenye mabango ya kampuni za simu, benki, bima, sabuni. Wengi wa wanawake wale wamevaa vizuri tu. Wengine na hijabu. Shangazi yangu wa Tanga asingewalaumu kwa lolote. Lakini jamani, vidole! Mwanaume anabonyeza simu, anatuma pesa, analipa ankara. Mwanamke ameiweka simu karibu na shavu, anaitabasamia. Hajaiwasha. Muweke baba mtu mzima mwenye kitambi na kaunda suti kwenye pozi lile, simu shavuni, kichwa upande, goti limekunjwa, uone kama hujacheka mpaka kondakta akuulize kulikoni.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaopima kwa sentimita. Mwanamke aliyevaa baibui anaweza kugeuzwa kitu kwenye picha, na mwanamke aliyevaa bikini anaweza kubaki mtu. Ni vigumu zaidi kulisimamia hili kuliko kuandika kanuni ya urefu wa sketi.

Mimi ni mwandishi wa habari, kwa hiyo nitaje na ya kwetu. Kila gazeti nchini linapokea picha za kukabidhi hundi ya mfano. Mnazijua: hundi kubwa kama mlango, meneja masoko upande mmoja, mshindi au mgeni rasmi upande wa pili, na kwenye pembe mbili wasichana wawili wenye magauni yenye rangi za kampuni, wameishika hundi isianguke. Maelezo ya picha huja tayari yameandikwa: "Meneja Masoko Bw. Fulani (wa pili kushoto) akimkabidhi..." Wa pili kushoto. Maana yake wa kwanza kushoto yupo, anahesabiwa ili meneja ajulikane, ila hatajwi. Siku moja, kwenye gazeti nililokuwa nikifanyia kazi wakati huo, niliwauliza wale wasichana majina, nikayaandika. Kesho yake picha ilitoka, majina hayamo. Mhariri wa zamu aliniambia nafasi ilikuwa ndogo. Sentensi ilikuwa imebaki na "wa pili kushoto".

Picha ileile haina shida yoyote ya mavazi. Magauni yalipita magoti. Na mabinti wale walikuwa kazini, wamelipwa kwa siku, wamesimama saa nne kwenye viatu virefu. Mmoja aliniambia anasoma uhasibu. Hakuna lolote la haya linaloonekana. Kinachoonekana ni pambo la hundi.

Suala la jina ndilo linalonifanya nirudie mara kwa mara kesi moja ya Uingereza, kwa sababu kule mwanamke wa kwenye picha alikuwa na jina na alijibu. Aprili 2023 Calvin Klein walibandika bango la mwanamuziki na mcheza dansi FKA twigs akiwa na shati la jinzi lililomfunika nusu, ubavu wa kalio na sehemu ya titi vikionekana. Watu wawili walilalamika. Januari 2024 ASA, chombo kinachosimamia matangazo nchini humo, kikaliondoa: kikasema picha inamvuta mtazamaji kwenye mwili kuliko kwenye nguo, na inamwonyesha kama kifaa cha ngono. Mabango ya Kendall Jenner ya kampeni hiyohiyo yalilalamikiwa pia, yakaachwa.

Twigs alijibu mwenyewe. Alisema kwenye picha ile haoni hicho kifaa. Anaona mwanamke imara mwenye rangi yake, mwenye mwili uliopita kwenye maumivu mengi, na akawataja Josephine Baker, Eartha Kitt na Grace Jones kama watangulizi wake. Alilalamikia pia mizani miwili. Na siku zilezile kampuni hiyohiyo ilikuwa imetoa tangazo la mwigizaji Jeremy Allen White akiwa na chupi, dunia nzima inalishangilia. Mtazame White: anakimbia ngazi hadi juu ya paa la New York, anavua, anajivuta kwenye chuma, anajitupa kwenye kochi. Mwili wake unatazamwa kwa uchu, hilo halina ubishi, lakini kila sekunde ana kitenzi. Ni jembe.

Machi 2024 ASA wakarudi nyuma nusu. Wakasema twigs kwenye picha anaonekana anajiamini na anajimiliki, hivyo si kifaa. Ila picha ina ungono mno kuwekwa hadharani ambapo yeyote anaweza kuiona. Uamuzi wa kwanza ulinikera, wa pili umenikera zaidi. Wa kwanza ulikuwa na makosa lakini ulikuwa unauliza swali sahihi: picha inamfanya nani kuwa nini? Wa pili umekwepa kwa kutumia sura ya kujiamini, na kujiamini siku hizi ndiyo bidhaa rahisi kuliko zote. Mtangazaji yeyote ameshajifunza: mwambie modeli akodolee kamera, asitabasamu, basi, kajimiliki, tusiulize zaidi. Baada ya hapo wakarudi kwenye upimaji wa ngozi.

Maoni yangu hayatawafurahisha watu wa pande zote. Naamini twigs yuko sahihi kuhusu picha yake, na naamini picha hiyohiyo, pozi lilelile, shati lilelile, ikiwa na msichana asiye na jina, ingekuwa kitu kingine. Mtu ataniambia picha ni moja, vipi maana zibadilike? Zinabadilika kwa sababu tangazo halisomwi kwa picha peke yake. Linasomwa pamoja na jina, na mkataba, na uwezekano wa aliyepigwa picha kesho yake kufungua mdomo akasikika. "Wa kwanza kushoto" hana ukurasa wa kujibia.

Na upimaji wa ngozi kwetu una historia ambayo haipaswi kusahaulika kila tunapomwona mbunge akisimama kukemea mabango. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia Januari 1, 1969, sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kung'arisha ngozi marufuku. Andrew Ivaska ameisimulia vizuri katika Cultured States, kitabu cha mwaka 2011. Ukiitazama ile orodha, angalau krimu zilikuwa bidhaa zenye watengenezaji na matangazo yao, na mtu angetegemea hasira iende huko. Hata siku ya utekelezaji haikusubiriwa. Oktoba hiyohiyo vijana walikwenda Kariakoo kuwavuta wasichana waliovaa sketi fupi kutoka kwenye mabasi. Mwaka 1971 Kezilahabi akatoa Rosa Mistika, na riwaya ikapigwa marufuku kwa muda kwa kuyasema wazi mambo ambayo wanaume wa riwaya ile waliyafanya bila kificho. Tukija karibu, Novemba 2014 Nairobi: mwanamke anavuliwa nguo kituo cha matatu kwa madai kwamba amevaa vibaya, na tarehe 17 mamia ya wanawake wanaandamana wakisema nguo ni yangu, uamuzi ni wangu.

Yaani anayemwita dada "pisi" na anayemvuta kwenye basi wanamtazama kwa jicho moja. Wote wawili wameona ngozi tu. Wa kwanza anataka nyingi, wa pili anataka kidogo. Ndiyo maana nikiletewa waraka wa kusaini dhidi ya "picha zisizo na maadili", huwa nasoma kwanza nani ataadhibiwa. Mara nyingi ni modeli, au msanii. Kampuni iliyolipa bango haimo.

Kuna tangazo moja ambalo mpaka leo sijui nilisomeje. Ni la dada mmoja anayeuza mafuta ya kuongeza shepu kwa matangazo ya moja kwa moja mtandaoni, usiku, watoto wakishalala. Mafuta yenyewe siyaamini hata kidogo, na nadhani yanauza aibu waliyopandikizwa wanawake wengine na mabango yaleyale ninayoyalaumu. Mwili wake ndio bango. Anageuka, anaonyesha kabla na baada, anashika kopo kwa mkono mzima, analifungua, anajipaka, anapanga foleni ya wateja, anamkaripia anayeuliza bei mara tatu. Sijawahi kuona tangazo lenye vitenzi vingi hivyo. Kila sentensi inaanza na "mimi". Chini, maoni yanapita: pisi, mzigo, chombo, moto. Usiku mmoja mwanaume mmoja aliandika, "Pisi kali, bei gani?" Dada akasoma kwa sauti, akatulia kidogo. "Kopo ni elfu thelathini," akasema. "Mimi naitwa Mama Naima." Akaendelea kutaja namba ya kulipia.